Anayenyonya Ajijue

Somoe mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Mahurunga kumuaga bibi yako, na begi lako limebaki limesimama mlangoni kama mgeni aliyekataa kukaa. Utarudi kabla ya magharibi. Leo sikubaki kiwandani kubangua. Nilimwambia msimamizi mwanangu anasafiri kesho, akaniangalia mikono, akasema, "Nenda, Mama Somoe. Hata ukibaki leo utanivunjia korosho zote."

Ningekurekodia sauti kama tulivyozoea, lakini najua ungeifungulia kwenye basi, na haya siyo ya kusikilizwa na jirani wa kiti. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la jiografia, lile ulilolichoka katikati, naandika kwenye kurasa zilizobaki. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba. Pale utakapokwama soma kwa sauti, utanisikia.

Mambo ya shuka, ndala za kuogea, na korosho za kumpelekea mwenye nyumba wako wa Dodoma tumeyaongea mpaka ukanijibu "Nimesikia mama" kwa ile sauti yako ya kuchoka. Siyarudii. Nataka kukuambia kwa nini Dada Atu alihama.

Nilikuambia amepata chumba karibu na bandari. Nilikudanganya. Wewe ukanuna wiki nzima, ukasema, "Hata kuniaga hakuniaga, kumbe watu wako hivyo." Nikaacha umchukie mtu aliyekupenda ili usinichukie mimi. Sitaki uondoke na uongo huo kwenye begi pamoja na nguo zako.

Siku aliyokuja hukuwepo, ulikuwa shule. Alishuka kwenye bodaboda na begi moja, jiko la gesi, na sufuria mbili ameziingiza moja ndani ya nyingine. Akasema ametokea Tukuyu, amepata kazi kwa mawakala wa mizigo pale bandarini, ya kuandika makaratasi ya malori ya korosho. Ameelekezwa kwamba Ufukoni kuna mama ana chumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Huna mtoto? Maana nikwambie mapema, nyumba yangu ni ndogo na nina binti wa mtihani. Kelele za watoto siziwezi."

Aliangalia zile sufuria. Nakumbuka aliziangalia, nikadhani anaona haya kwa uchache wa vyombo.

"Sina, mama," akasema.

Nikamkaribisha. Yaliyofuata unayajua. Unajua alivyokuwa anatucheka tunavyoweka nazi kwenye kila kitu, na mimi namwambia nyie wa kwenye baridi mnakula ndizi kama mnafanya kazi ya serikali. Unajua alivyokaa na wewe kwenye hesabu, akakuonyesha namna ya kutuma maombi ya chuo. Waifai ilipokuja, alichangia nusu kabla sijafungua mdomo. Sitaki ufikiri kwamba alikuwa mtu wa kupenda vya bure.

Unakumbuka siku fundi alipoleta rauta? Nilimwambia aiweke juu ya kabati, halafu nikaifunika na kile kitambaa changu nilichofuma. Akasema, "Mama, hii inataka hewa, siyo harusi." Nikafunua, alipoondoka nikafunika tena. Nilikuwa najivunia sana. Taa zake zile za kijani niliziona kama nyumba yetu imeanza kupumua.

Halafu ikaanza kuwa nzito. Mchana inakimbia, ila mchana ukurasa wenyewe wa chuo umejaa watu, haufunguki. Jioni, Dada Atu akisharudi kazini, akavua viatu na kufunga mlango wake, basi. Unafungua ukurasa wa chuo, kiduara kinazunguka. Unaandika jina lako, kinazunguka. Siku mbili kabla ya maombi kufungwa ulilia hapa kwenye mkeka. Ukanionyesha kwenye simu yako orodha ya simu zote zinazotumia rauta yetu, na ya kwake ilikuwa juu kabisa.

"Mama, ona. Peke yake amekula kuliko sisi wote. Kila siku jioni. Anaangalia nini huyu?"

Nami nikajibu neno ambalo leo silipendi: "Msichana mzima anajifungia chumbani na simu, unauliza anaangalia nini?"

Kutoka pale tulipokaa mpaka mlangoni kwake ni hatua nane. Leo nimezipima. Angerudi kazini, ningesimama, ningebisha, ningesema: Atu, mwenzio ana maombi ya chuo, tupishane kidogo, wewe tumia baada ya yeye kumaliza. Haki ya kusema hivyo nilikuwa nayo. Alikuwa anatumia kweli, tena sana, na mwanangu alikuwa anakaribia kukosa chuo. Lakini mimi nimekulia kwa bibi yako. Bibi yako akiwa na neno na mtu hasemi. Anavaa khanga yenye neno hilo, anapita mbele ya nyumba ya mtu huyo mara tatu, anarudi kupika. Ndivyo nilivyofundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu anagomba.

Nikasema, "Ningekuwa na khanga ya kumfaa ningeivaa leo."

Ukafuta machozi, ukacheka. "Mama, waifai nayo ina jina. Unaweza kuiandika chochote. Kila mtu anakiona."

"Kila mtu?"

"Mtaa mzima."

Utundu ule ulinipanda kichwani. Wewe ulishika simu, kwa sababu yangu haikitambui kidole changu tangu mafuta ya korosho yaniunguze ngozi. Lakini usije ukasema ni wewe uliyeandika. Maneno yalitoka kwangu. Nilisema: andika, Anayenyonya Ajijue.

"Herufi kubwa, mama?"

"Kubwa zote."

Ulicheka mpaka ukalala chali. Nami nilicheka. Tulikuwa tumekosana na kiduara kile siku nzima, kicheko kilitufaa.

Mtaa nao ulijibu. Nilikuwa sijamaliza kuanua nguo, Mama Shaibu akapaza sauti ng'ambo ya ukuta.

"Mama Somoe! Hilo la kunyonya ni la nani?"

"La mwenye nalo!"

"Maana Shaibu wangu kakaa hapo ukutani kwako siku mbili tu, tena kakaribishwa na binti yako!"

"Kwani nimemtaja?"

"Haya. Tumelisoma."

Kabla ya swala ya alasiri na yeye alikuwa amewasha waifai ya simu yake kwa jina jipya: NINA BANDO LANGU. Tuliegemeana kwa kucheka.

Dada Atu aliporudi, simu yake ilikuwa imetoka kwenye mtandao kwa sababu jina limebadilika. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ili aingie tena ilibidi alitafute lile jina kwenye orodha na kuligusa kwa kidole chake mwenyewe. Alisimama ukumbini na viatu mkononi, anaangalia simu. Mimi nilijifanya nachambua mchele. Akasema, "Mmeshindaje?" nikasema, "Tumeshinda salama," akaingia chumbani. Hakuligusa. Jioni ile mtandao ulikimbia, fomu yako ikapita, ukapiga vigelegele. Mimi nikajiona mwanamke mwenye akili nyingi kuliko wote Ufukoni.

Hivyo basi, mama, chuo unachokwenda kesho umekipata jioni ile. Nimejiuliza mara nyingi kama naruhusiwa kujuta jambo lililokufungulia mlango. Naona naruhusiwa. Ningebisha kwake, fomu ingepita vilevile.

Kwa siku nane hakutumia waifai yetu. Alikuwa ananunua vocha zake dukani, anakula chumbani. Ulimwita mje mle mihogo, akasema ameshiba. Jumamosi ulikuwa Mahurunga unamsaidia bibi kuokota korosho, nikasikia anaburuta begi. Mlango wake ulikuwa wazi, nikasimama pale.

"Atu, mbona ghafla hivi?"

"Nimeona nikupishe, mama."

"Unipishe kwa lipi?"

Akaacha kukunja shuka. "Mama Somoe, ungeniita tu. Ungesema, Atu, nimejua una mtoto, hama. Ningehama siku ileile. Lakini kunitangaza mtaa mzima, kwa kweli uliniumiza."

"Mtoto? Mtoto gani?"

Akageuka, akaniangalia.

"Kwani lile jina siyo langu?"

"Ni lako," nikasema, maana ilikuwa kweli. "Lakini ni la bando, Atu. Ulikuwa unanyonya bando."

Alicheka kidogo, kwa pua, akaendelea kukunja shuka. Halafu akaniambia akiwa anaangalia ile shuka. Mtoto anaitwa Lusajo. Alimwachisha ziwa ana mwaka mmoja na miezi miwili, kwa sababu kazi ilikuwa inaanza Jumatatu na nauli alishatumiwa. Mama yake, anayemlea mtoto kule Tukuyu, alimsimulia kwamba alilia ziwa siku kumi na moja, akimpa uji anausukuma. Basi Atu akarudi kutoka kazini amechoka, akafungua simu, akaona mtu ameandika kwa herufi kubwa habari za anayenyonya. Alijua amejulikana. Alijua anachekwa.

Neno moja tu, Somoe. Mimi nililiandika kama kijembe, yeye akalisoma na kidonda chake.

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, "Sasa ulikuwa unaangalia nini kila jioni?"

Akanionyesha simu. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, imewashwa muda wote ule tunaongea, na spika za masikioni zimechomekwa ili mtoto asisikike. Ndani yake kulikuwa na mkeka, na mtoto wa kiume kakaa juu ya mkeka anafunika na kufunua kikombe. Hatuangalii. Nyuma yake miguu ya mwanamke inapita.

"Mnaongea nini muda wote huo?"

"Hatuongei. Tunakaa tu. Yeye anacheza, mimi napika, napiga pasi. Akigeuka ananiona nipo. Sitaki siku nikirudi aniite shangazi."

Sasa nikuambie jambo ambalo hata bibi yako nilimkataza kukuambia.

Wewe nilikuacha Mahurunga una mwaka na nusu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba yako alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha upande wa pili na barua zake zilikuwa zimeshaacha kuja. Mjomba aliyetuachia nyumba hii alikuwa bado hai, akaniambia njoo mjini, kiwandani wanataka wabanguaji. Nilijipaka shubiri kwenye maziwa ili uyachukie. Ulinichukia mimi. Nikaondoka ukiwa umelala.

Wakati ule pale kijijini tulikuwa tunategemea simu ya mwenye duka. Nilikuwa napiga Ijumaa baada ya swala, anakuita, wanakuwekea sikioni. Ulikuwa husemi kitu. Bibi anakubembeleza, "Sema mama, sema shikamoo mama," na wewe unapumua tu. Mimi nimesimama nje ya kiwanda, nimeziba sikio la pili na kidole, nasikiliza unavyopumua mpaka salio linakatika. Wenzangu walikuwa wananicheka, "Mama Somoe anaongea na upepo."

Nilipokuja kukuchukua ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa umevaa gauni la njano nililokutumia, limeshakubana. Ukaja mbio na wenzako, ukasimama, ukaweka mikono kichwani kwa adabu kama bibi alivyokufundisha, ukasema, "Shikamoo shangazi."

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini?

Sasa mtu mwenye habari hiyo kifuani ndiye aliyesimama mlangoni kwake akamuuliza mgeni, huna mtoto, maana kelele siziwezi. Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika lile jina. Jumamosi ile, Atu ameshika shuka, mimi nimeshika kizingiti, ilikuwa zamu yangu kusema: Atu, hata mimi. Hata mimi nilimwacha wangu. Nikasema, "Basi subiri nikuwekee chai."

Akasema, "Bodaboda iko nje, mama."

Hilo ndilo ninalolijutia zaidi, kuliko hata kijembe. Kijembe nilikitoa sijui. Siku ile nilikuwa najua kila kitu, na nikamtolea habari za chai.

Akavua zile spika za masikioni kwenye simu, akanipa. "Mpe Somoe, akasomee. Mwambie nitampigia." Najua alikupigia mara mbili ukakataa kupokea kwa hasira, na mimi nilikuwa nakaa pembeni nakuangalia unavyokata. Spika zenyewe nilizificha kwenye sanduku la khanga, chini kabisa, kwa sababu ungeziona ungeuliza. Zimo ndani ya bahasha hii. Ni zako tangu siku ile.

Mimi nilimwandikia ujumbe. Uliniona nahangaika na simu ukadhani naandikia kikundi cha vikoba. Niliandika, nisamehe Atu, sikujua. Akajibu, "Haina shida mama." Unajua na mimi najua hayo maneno tunayatumia lini. Nilikwenda mpaka geti la bandari siku moja nikitoka kazini, nikasimama kwenye foleni ya malori. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Nikasema nimepotea njia. Mimi, niliyeishi hapa miaka kumi na saba.

Kwa hiyo nina ombi. Ukifika Dodoma mpigie yeye, kabla hata hujanipigia mimi. Mwambie umeyajua yote na nimekuambia mwenyewe. Akikukatia simu, umpe haki yake.

Jambo jingine ni hili. Kesho kutwa wewe ndiye utakuwa Atu. Utalala kwenye chumba cha mama wa watu, utatumia rauta ya watu, na kuna siku utaona mwenye nyumba amenuna na hujui kwa nini. Usisubiri kulisoma mahali. Mfuate, kaa kwenye ngazi yake, mwambie, mama kuna neno? Na siku ya kwanza kabisa mwambie wazi kwamba una mama yako Mtwara, na jioni mna tabia ya kupigiana simu, kwa hiyo utatumia kidogo. Ukiulizwa swali baya mlangoni, kama nililouliza mimi, mwanangu, jibu ukweli uone. Inawezekana mwenye swali naye ana lake amelificha nyuma ya mlango.

Lile jina limekaa juu ya nyumba yetu mpaka leo. Ulikuwa umelizoea, unalicheka. Mimi kila nilipowasha simu lilikuwa linanisalimia. Sikuweza kukuomba ulibadilishe bila kukueleza. Leo, ulipotoka tu, nimefunua kitambaa, nimekaa na ile karatasi ya fundi, nimebofya. Mara mbili nimekosea, mara ya tatu imekubali. Kwa hiyo jioni hii ukirudi simu yako haitashika, utauliza, nami nitasema sijui imekuwaje. Nisamehe huo uongo mdogo wa mwisho.

Nimeandika: WENYE WATOTO KARIBU. Herufi kubwa zote.

Mama Shaibu ameshaliona. "Mama Somoe! Umefungua chekechea?"

"Nimefungua chumba!" nimemjibu. Akacheka, halafu akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Ndiyo, kesho utakuwa peke yako."

Kweli nitakuwa peke yangu. Nimepita chumbani kwa Atu, kinanuka vumbi. Nimepita kwako, umetandika kitanda kama mtu asiyerudi. Nina miaka thelathini na sita, Somoe, sijawahi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu mwingine ndani. Sikuambii hivyo ubaki. Nenda. Nilikuachisha ziwa mapema ili siku moja uende mbali kuliko nilikofika mimi.

Ila jioni, ukimaliza chuo, ukiwa umechoka na huna habari ya kunipa, usiache kupiga kwa sababu huna la kusema. Chomeka hizo spika za Atu. Egemeza simu kwenye kopo la sukari, au kwenye vitabu vyako. Wewe soma, mimi nitachambua mchele. Sitakuuliza umekula nini. Rauta itakuwa yetu wawili tu, nyonya utakavyo.

Tukae tu. Ukikosa neno, pumua. Nitaziba sikio la pili na kidole, nitasikiliza.

Ni mimi, uliyeniita shangazi,

Mama.